Kaa wa Jerrica

Shangazi yangu Verlene kazi yake ni kuvusha watoto wa shule barabarani, hapa Baltimore mashariki. Hata polisi akija kasi anasimamishwa, anaulizwa kama mama yake anajua anaendesha hivyo. Baba alipofariki ndiye aliyetulea, mimi na mdogo wangu Jerrica.

Shangazi mwenyewe chuo alikaa muhula mmoja tu. Hela zikaisha, akarudi nyumbani bila cheti ila na mkopo, na alikuja kuumaliza mimi nimeshaota ndevu. Kwa hiyo Jerrica alipopata nafasi kwenye chuo kimoja binafsi kule Pennsylvania, Shangazi akasema: "Huyu haingii na deni. Labda nife kwanza."

Chuo chenyewe hakikuwa kibaya. Karibu ada yote walisema wanalipa wao, ruzuku, hairudishwi. Kikabaki kibarua kidogo cha maktaba na mkopo wa dola elfu tatu na mia tano. Shangazi akacheka. "Hizo tu? Hizo kaa watazilipa!"

Kwetu ukitaka kuchangisha unapika kaa wa baharini, watu wanalipia kula. Tukatandika magazeti kwenye meza za ukumbi wa kanisa, kaa wakamwagwa wa moto, wamejaa pilipili, kila mtu na kinyundo chake cha mbao. Shangazi anazunguka na ndoo ya hela.

"Mzee Purnell, umekula wa watu wanne umelipia wa mmoja. Toa!"

"Verlene, mimi mgonjwa, bwana."

"Mgonjwa gani anavunja magamba kama fundi? Toa!"

Zikatimia. Kanisa likakiarifu chuo, maana ukipata msaada wa nje lazima useme. Chuo kikajibu kwamba hongera, na ruzuku imepungua kwa kiasi hichohicho. Mkopo uko palepale.

Nikawaka. Yaani kanisa zima limechanika vidole kwa magamba, halafu faida inaenda kwa chuo? Na tarehe ya mwisho ya kukubali nafasi ilikuwa wiki inayofuata. Shangazi akamwambia Jerrica asikubali kitu kwanza. Jumamosi tukaenda, siku ambayo chuo kinakaribisha waliochaguliwa na wazazi wao.

Tulienda na lori langu la kuvuta magari, sina gari lingine. Kuingia tu pale, wanafunzi wakatoka mbio, mmoja na taulo, wanahamisha magari waliyoegesha vibaya, yasivutwe. Jerrica akajificha chini ya kiti.

"Marquell, waambie hatukuja kuvuta mtu!"

"Acha wakimbie," Shangazi akasema, anawapungia mkono kama malkia. "Mazoezi mazuri."

Ofisi ya misaada tukamkuta kijana wa miwani, Bwana Lindqvist. Shangazi akamsalimia, akamuuliza habari za mama yake, akamuuliza kama amekula. Mimi sikuweza kungoja.

"Nyie wezi wa kaa?"

"Samahani?"

"Marquell!" Shangazi akanifinya.

Jamaa akafungua kompyuta, akaeleza kwa upole. Chuo kinapima familia inahitaji kiasi gani. Kiasi cha Jerrica kilishatimia. Msaada mwingine ukiingia juu yake, lazima kitu kipungue.

"Sasa si ungepunguza deni!" Nikapiga meza. "Unakuta mtoto ana mkate mkono huu na mzigo mkono huu, unampokonya mkate? Una akili wewe?"

Akavua miwani. "Mnaweza kuomba hivyo."

"Tuombe nini?"

"Familia ikiomba, tunaanza kukata mkopo, ruzuku haiguswi. Msipoomba, kompyuta inakata ruzuku. Hakuna aliyeomba."

Nilikuwa na matusi mengine mengi nimeyaandaa, sasa sijui niyapeleke wapi.

Shangazi akakaa vizuri kitini. "Basi tunaomba, mwanangu. Huyu ameshaomba kwa kelele, mimi naomba kwa adabu. Chukua ombi unalolipenda."

Jamaa akacheka, akaandika, akatugeuzia kioo cha kompyuta. Ruzuku imerudi yote. Kwenye mkopo pamesimama sifuri. Shangazi akaigusa kwa kidole kama inaunguza.

"Na mwaka wa pili je?" akauliza.

"Mkichangisha tena, mniandikie mapema."

"Tutachangisha. Na wewe uje ule, umekonda sana."

Jerrica akakubali nafasi palepale, analia, makamasi yanamtoka juu ya meza ya watu. Shangazi akamkumbatia, halafu akamkumbatia Lindqvist, miwani ikaanguka.

Duka la chuo lilikuwa na fulana zilizoandikwa "Mama" na "Baba". Ya shangazi haipo. Akanunua zote mbili, akavaa moja juu ya nyingine, juu ya gauni lake la kanisani. Njia nzima kurudi Baltimore, tukisimama taa nyekundu anashusha kioo, anamgongea dereva wa pembeni.

"Kijana! Unajua binti yangu anasoma wapi?"

Jerrica alikuwa amerudi chini ya kiti, anacheka mpaka anakohoa.