Herufi Nene za Dirishani

Nichekeni tu, nimestahili. Kambini kwetu Ngara mimi ndiye niliyeitwa mtaalamu wa kompyuta, kwa sababu tu nilisoma kozi fupi Mwanza. Ofisi ilipoweka skrini ndogo dirishani, wakimbizi wasome majina ya watoto waliopotezana na wazazi wao na sasa wamepatikana, niliona herufi ni ndogo kama sisimizi. Nikabadilisha kipimo cha skrini, herufi zikanenepa, nami nikatamba ofisi nzima. Wala sikuangalia kama majina yote bado yanaenea kwenye skrini.

Kila asubuhi alikuja mama mmoja Mrundi, akasoma mpaka chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, ndiyo yote haya?"

"Ndiyo yote. Kama hayupo, hayupo."

Anashukuru, anarudi kwenye hema lake.

Jana bosi akasema herufi zangu zinamkera, nirudishe kipimo cha zamani. Nikarudisha huku nimenuna. Herufi zikasinyaa, na chini ya jina nililodhani ni la mwisho yakatokea mengine. Mama alikuwa palepale dirishani. Akagusa kioo kwa kidole.

"Huyu ni wangu," akasema, kisha akanitazama. "Mwanangu, si uliniambia ndiyo yote?"