Herufi Saba za Fundi

Fundi cherehani wa mtaani kwetu hushona huku gazeti limefunguliwa penye fumbo la maneno, na sindano ameibana midomoni. Huomba msaada kila siku, lakini jibu lenyewe halitaki. Ukilitaja huziba masikio. Jana alikwama kwenye neno la mwisho, na kinyozi wa jirani, aliyekwisha kujaza lake, akachungulia mlangoni.

"Bado tu, fundi?"

"'Huwaliza watoto hospitalini', herufi saba," fundi alininong'oneza. "Nisaidie kidogo, mdogo wangu, huyu asinicheke mpaka Jumapili."

"Sikusikii vizuri, kaka. Toa kwanza hicho ulichobana."

Akaitoa, akaitazama, kisha akanitazama huku uso umemchanua. "Nyamaza hivyo hivyo." Akaandika, akatoka mbio na gazeti kumfuata kinyozi, akaniacha na suruali iliyopindwa mguu mmoja.