Taya la Udongo, Mwili wa Waya

Subira yangu iliisha Jumatatu asubuhi, mlangoni mwa darasa la nne, hapa mtaani Jamhuri, Nairobi. Ijumaa binti yangu Nekesa alikuwa amerudishwa nyumbani kwa maneno mawili tu: leta mzazi. Mzazi nikaenda. Mwalimu wake, Bwana Muthama, alikuwa ameishika kazi ya mtoto kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Ilikuwa taya la udongo lenye magego makubwa, na mwili wote uliobaki ni waya mtupu.

"Mama Nekesa, tuliwapeleka watoto Westlands kuona mifupa ya yule sokwe mkubwa wa kale. Wenzake wameunda mifupa yote. Huyu wako ameniletea mdomo!"

"Hiyo ingine haikupatikana, teacher," Nekesa akasema. "Yule mama wa maonyesho alituambia."

"Unamsikia? Ananiita mwongo mbele ya darasa. Ataomba msamaha mbele ya shule nzima, paredi ya kesho, ama asirudi."

Nekesa akidanganya huchezea kidole gumba. Siku hiyo mikono yake ilikuwa imetulia tuli. Nikachoka kabisa.

"Atarudi," nikamwambia, "na wewe ndiye utaeleza kwenye hiyo paredi." Nikanyakua sokwe wa waya, tukatoka.

Westlands, ndani ya jumba la maduka, tulimkuta. Sokwe alisimama kando ya duka la viatu, mrefu kuliko mlango wake, mbavu zote, vidole vyote, rangi moja ya kahawia kutoka utosini hadi kisigino. Hakukuwa na kibao kilichosema lolote kuhusu mifupa iliyokosekana. Nikamgeukia mtoto.

"Nekesa. Sema ukweli."

"Mum, nimesema."

Nikamuuliza bawabu ni nani aliyeliunda lile dude. "Daktari mmoja wa mifupa ya kale, wa Parklands," akasema, akatuelekeza. "Lakini madam, hiyo waya yako itachuna watu."

Parklands tulifika kwa miguu, nyuma ya hekalu, kwenye gereji iliyogeuzwa karakana. Daktari Rehana alikuwa ametapakaa plasta mbichi hadi viwikoni. Alipomwona Nekesa akacheka.

"Wewe! Si wewe uliniuliza kule kwenye maonyesho mbavu zilichimbwa wapi?"

Akatuonyesha nakala ya taya. Mnyama huyo aliishi China na nchi za jirani, akasema, na visukuku vyake, yaani mifupa iliyogeuka jiwe, ni taya chache na meno mengi tu. Mbavu, miguu, mikono, yote ameyakadiria kwa kumtazama orangutani, jamaa yake wa karibu aliye hai. Akaliweka taya la Nekesa kando ya lake. "Magego umeyapanga vizuri sana."

"Basi mbona yule wa Westlands anakaa kama amefukuliwa jana, mzima mzima?" nikamuuliza.

Kicheko kikaisha. "Makadirio yote nilikuwa nimeyaacha meupe. Taya peke yake ndilo lilikuwa na rangi. Wenye jumba wakasema anakaa kama kazi haijaisha. Nikapaka."

"Ukapaka. Na kesho mwanangu anaomba msamaha."

Nikamwomba aniandikie ukweli huo na atie sahihi. Akatazama dirishani. "Mama, nikisaini, hawataniita tena."

Nikanyanyua sokwe wetu wa waya, tuondoke. Ni Nekesa aliyeuliza: "Auntie, alikuwa na mkia?"

"Hapana. Sokwe wote hawana."

"Hiyo mnajua, ama mmekadiria?"

"Tumekadiria," akasema Daktari. Kisha akafuta mikono, akaitisha kalamu.

Mjini, afisi ya elimu, lifti ilikuwa imekufa. Tukapanda ngazi na waya wetu. Karani akasoma barua yangu na karatasi ya daktari, akainua nyusi. "Madam, haya yote ni ya mdomo wa nyani?"

"Ni ya mtoto. Piga muhuri."

Akapiga. Nyinyi wa familia mlioko nyumbani mliouliza niliandika nini, ni haya:

"Kwa Afisa wa Elimu. Nalalamika kwamba binti yangu Nekesa, wa darasa la nne, amefukuzwa shuleni kwa kuacha wazi pale ambapo hakuna anayejua. Daktari aliyemuunda sokwe ametia sahihi karatasi iliyoambatishwa hapa kwamba taya na meno ndiyo yaliyopatikana, mengine ni makadirio, na rangi aliipaka ili wenye jumba waridhike. Nataka mtoto arudi darasani kesho bila kuomba msamaha, na mwalimu aeleze kwenye paredi. Kazi yake nimeileta pamoja na barua hii. Msijaze palipo wazi."