Uso wa Bango la Saluni

Mchoraji mabango alipooa, alimchora mkewe kwenye bango la saluni ya mtaani: shingo ndefu, nywele zimefungwa juu. Nembo ile ikazoeleka, hata wasiojua kusoma wakaelekezana kwayo. Mke alipofariki, mchoraji, sasa mzee, hakuwa na picha yake nyingine.

Mwaka huu saluni ikapata mmiliki mpya, mwanamke kijana.

“Mzee wangu, nembo hii imepitwa na wakati. Nichoree herufi mbili tu za jina langu.”

“Sawa, mwanangu. Ila bango la zamani nipe mimi.”

Alilibeba mgongoni hadi kwake, likagoma kupita mlangoni. Akaliegemeza ukutani hapo nje, akatoa kiti, akaketi kando yake.

“Kumbe umefungua saluni!” jirani akamtania akipita.

Mzee akatabasamu, akasogeza kiti karibu zaidi na bango.