Udongo Mkononi

Ipo siku moja ya vita ninayoikumbuka bila kupenda, mwanangu. Kaa juu ya tairi hiyo unisikilize. Usinitazame hivyo. Nimekasirika, ndiyo, wala sitaficha. Tangu asubuhi nakuona ukirudisha arbre za mbele, vile vyuma virefu vinavyozungusha magurudumu, kwenye gari ya yule mkubwa wa ofisi aliyekutukana jana. Moja umeiburuta chini, ukaiona imejaa mchanga, ukacheka: "Aende nayo hivyo hivyo, mwizi yule." Nilikusikia. Nimezeeka miguu, masikio bado.

Wakati ule nilikuwa kijana kama wewe, hapa hapa Butembo, nikifanya kazi kwa Mzee Kambale, fundi wa magari. Tulikuwa na jeep ya dispensaire, zahanati ya Mutwanga. Joint spi za mbele, zile pete za mpira zinazozuia mafuta yasitoke na uchafu usiingie, zilikuwa zimekwisha, basi tulikuwa tumetoa arbre zote mbili. Mama yako Masika, dada yangu, alikuwa kule Mutwanga na mimba yako, siku zake zimefika. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amefia tumboni kwa kukosa gari. Safari hii jeep ile ndiyo ingempeleka Beni kujifungua, na ukoo mzima ulikuwa unaitegemea.

Mzee Kambale alinichosha kwa kazi yake ya taratibu. Arbre hakuilaza chini hata mara moja. Aliiweka mezani juu ya kikwembe safi cha mke wake, akaiosha kwa essence, yaani petroli, akaipangusa kama mama anayeogesha kichanga. Pont, lile bomba la chuma ambamo arbre huingia, aliliziba matundu kwa vitambaa ili vumbi la barabara lisipite. Haraka haraka haina baraka, alisema, nami nikawa napiga miayo.

Ndipo wakaja basoda, wanajeshi wenye bunduki. Komanda wao, mtu wa mbali asiyejua hata salamu yetu, akasema jeep ni yake. "Vieux, noki, upesi! Tunaenda Beni." Mmoja wao akachukua arbre iliyokwisha kuoshwa, akaichomeka ardhini, akaiegemea, akawasha sigara. Paluku, dereva wa dispensaire, alijaribu kusema kuna wagonjwa wanangoja. Wakampiga kitako cha bunduki, wakamwambia yeye ndiye atakayewaendesha. Nikaona mtoto wa pili wa dada yangu anakwenda vilevile.

Mzee Kambale hakubishana. "Komanda," alisema, "kama arbre inaingia na muchanga, gari itakufa mu njia. Na njia ya Beni unaijua." Komanda akatazama barabara, ambako maadui walivizia magari yaliyokwama, akawaambia watu wake wangoje. Mzee akaichomoa ile arbre, akaanza kuiosha upya tangu mwanzo.

Hapo nikapandwa na wazimu. Tunaoshea wezi? Alipogeuka kuchukua mafuta, nikainama, nikachota udongo, nikatoa kitambaa kwenye tundu la pont. Nilitaka wafie huko njiani, wote. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kufika tunduni.

Akanishika hapa, kwenye kifundo, akakaza mpaka udongo ukamwagika. Hakupaza sauti, maana basoda walikuwa karibu.

"Weye mujinga," alininong'oneza. "Gari hapana kujua mutu mwenye kuipanda. Leo basoda, kesho mama mwenye mimba. Kama uko na hasira, komanda ni ule pale, umwambie. Lakini pont hapana kukutukana."

Sikuwa na moyo wa kumwambia komanda, mwanangu. Ndiyo maana nilitaka kuiambia pont.

Akanipa arbre niiingize mwenyewe. "Ubebe uzito yake na mukono, isilalie joint spi. Polepole." Niliiingiza machozi yakinitoka kwa hasira. Wakaondoka, Paluku kwenye usukani, nami nikabaki nikimtukana Mzee Kambale moyoni.

Kumbe walipofika Beni walipata lori kubwa, wakamwachia Paluku jeep yake bila hata kumuaga. Hakurudi huku. Alikwenda moja kwa moja Mutwanga, akamkuta mama yako ameshikwa na uchungu, mvua inanyesha, njia yote tope. Magurudumu ya mbele yalivuta mpaka hospitalini Beni, na ukazaliwa hai. Udongo wangu ungekuwamo, ungetafuna meno ya pont, jeep ingekwama topeni, na ningewazika nyinyi wawili kwa mkono huu huu.

Mama yako anajua habari za Paluku. Za udongo hajui. Nimekuambia wewe kwa sababu leo nimeuona tena, na mkononi mwako.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Yule mkubwa alikutukana? Nenda ukamwambie usoni, nami nitakusindikiza. Hasira yako iweke mdomoni, usiitie kwenye kazi, kwa sababu hujui kesho nani atakuwa amelala kiti cha nyuma. Mimi komanda yule sijamsamehe mpaka leo, na padri anajua. Lakini arbre niliiingiza safi.

Haya, simama. Itoe tena, uioshe, mwenye gari atangoja. Vikwembe safi viko ndani, umuombe mama akupe kimoja. Mungu wetu Nyamuhanga ailinde mikono yako, mwanangu, na siku nitakapokuwa sipo akupe mtu wa kukushika kifundo.