Mashine ya Bunda Iliyomchora Bibi Harusi

Kosa lilikuwa langu, na lilianzia kwenye sato wa kukaanga.

Miaka ile mimi na shemeji yangu, mume wa dada, tulikuwa na studio ndogo ya video mjini Musoma. Yeye alibeba kamera. Mimi nilikaa kwenye kompyuta, nikiunganisha picha na kuchoma DVD. Kila diski niliiandika juu kwa maka peni: harusi ya fulani, kipaimara cha fulani, basi. Siku hiyo mezani kulikuwa na diski mbili, moja ya harusi ya Butiama na nyingine ya mazishi ya Kibara. Nilizishika kwa vidole vyenye mafuta ya samaki, maandishi yakafutika. Badala ya kuziingiza kwenye mashine nihakikishe ipi ni ipi, nikaandika upya kwa kukisia.

Nilikisia vibaya.

Kule Butiama, mama wa bibi harusi alikuwa ameita ukoo mzima, pamoja na wakwe wapya, waje kuangalia harusi. Mbuzi alichinjwa. Diski ikaingia kwenye deki, kwaya ikaanza, watu wakapiga makofi, maana kila mtu alikumbuka kwamba siku ile mambo yalianzia kanisani. Halafu likaingia jeneza.

"Tukatazamana," mama huyo alinisimulia siku ya tatu, amekaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani. "Bibi mzaa mama akauliza, nani amekufa? Hakuna aliyejua. Akaanza kulia. Shangazi naye akalia. Nikasema zimeni, lakini baba mkwe wa binti yangu akakataa. Akasema huwezi kumzimia marehemu katikati ya ibada. Tumeangalia mpaka udongo, mpaka neno la shukrani. Na mbuzi tukamla hivyohivyo, kimya."

Niliomba msamaha mpaka nikaishiwa maneno. Shemeji naye aliomba, lakini niliona macho yake yanang'aa, nikajua kinachokuja.

"Mama, hili halitatokea tena," alisema. "Kuna draivu Bunda. Inachoma diski, halafu unaigeuza, na leza ileile inachora huku juu. Jina, maua, sura ya mtu. Haifutiki hata kwa mafuta ya samaki." Hilo la mafuta alilisema akiniangalia mimi. Miezi mingi alikuwa akiitaka hiyo draivu, na sasa nilikuwa nimempa sababu.

"Inachora sura kabisa?" mama akauliza.

"Sura kabisa."

"Basi naenda na nyie. Mwanangu achorwe nikiwa nimesimama palepale. Sitaki tena kuletewa kitu kimefungwa."

Safari ilikuwa lazima kwa vyovyote. Diski halisi ya harusi ilikuwa Kibara, na mafaili yake nilikuwa nimeshayafuta kwenye kompyuta ili nipate nafasi. Njia ya Kibara inapita Bunda. Tukakubaliana siku, mama akaja na diski ya msiba ikiwa imefungwa kwenye leso, sisi tukabeba flashi yenye picha za mnato za bibi harusi.

Mwenye draivu alikuwa Alhaji mmoja, muuza redio na vifaa vya kompyuta, mtu mpole. Alitukaribisha chai ya tangawizi, akatuonyesha mashine. Ilikuwa draivu kama draivu nyingine zote.

"Ndiyo hii?" mama akauliza.

"Ndiyo yenyewe."

"Nilifikiri itakuwa na kalamu."

Alhaji akachukua diski maalumu yenye mgongo wa rangi ya dhahabu, akaiingiza kichwa chini miguu juu, akabonyeza. Tukasubiri. Mama alisimama kama alivyoahidi, lakini chai ilipoisha akaketi. Tukazungumza habari za mvua, habari za pamba, tukarudi tena kwenye mvua. Hatimaye diski ikatoka. Alhaji akaifuta kwa kanzu yake, akampa mama kwa mikono miwili.

Mama akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu ni nani?"

"Bibi harusi, mama," shemeji akajibu.

"Huyu ni marehemu mama mkwe wangu."

Kweli, kila kitu kilikuwa na rangi ya chai: gauni, uso, maua, hata meno.

"Rangi iko wapi? Mimi nilinunua maua mekundu."

"Hii haina rangi, mama," Alhaji akasema. "Inachoraga hivihivi."

"Lakini inapendeza!" shemeji akadakia. "Kama picha ya zamani."

"Mwanangu ana miaka ishirini na minne."

Nikamuuliza Alhaji imechukua muda gani. Akatazama saa ya ukutani. Nusu saa kasoro kidogo.

"Na mteja akitaka nakala thelathini?"

Shemeji akaanza kuhesabu kwa vidole, kisha akavirudisha mfukoni.

"Diski za kawaida je, inachora?"

"Haichori. Hizi naagizaga Mwanza, na Mwanza nao kuna siku hawana." Alhaji akakohoa kidogo. "Halafu msiziache juani. Pale dirishani niliweka moja watu waone kazi yangu."

Tukageuka. Dirishani ilining'inia diski tupu, haina hata mstari.

"Hiyo ni sura yangu," alisema kwa masikitiko.

Shemeji alikuwa bado hajakata tamaa. "Lakini Alhaji, mafuta hayaifuti!"

Alhaji, aliyekwisha kusimuliwa habari ya sato, akanigeukia kwa upole sana. "Dada, kwani ukinawa mikono kuna ubaya gani?"

Hatukununua. Hata hivyo mama aliomba ile diski ya majaribio, akaifunga kwenye leso yake.

Kibara tulipokelewa na mjane mwenyewe. Nilikuwa nimeandaa maneno ya toba tangu Bunda, lakini hakunipa nafasi.

"Nilijua pale mwanzo tu kwamba siyo yetu," alisema. "Ila watoto walikuwa hawajacheka tangu tuzike. Kwenye harusi ile kuna mzee mmoja anavua koti, anacheza hadi suruali inataka kumvuka. Tumemwangalia mara nne."

"Huyo ni kaka yangu," mama akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini: "Na sisi tumemlilia mume wako. Ukoo mzima. Bibi mpaka leo anauliza alikuwa anaumwa nini."

Mjane akafunika mdomo kwa khanga. Mabega yalitikisika, na mpaka leo siwezi kusema kama alikuwa analia au anacheka. Mama akasogea, akakaa naye mkekani. Walizungumza muda mrefu, mimi na shemeji tukaachiwa ugali na dagaa.

Tulipoaga, mjane aliomba nakala ya harusi ibaki kwake. Mama naye akaniambia nimchomee ya msiba, maana bibi kule Butiama asingekubali irudishwe moja kwa moja.

Shemeji alininunia mpaka Jumapili. Jumatatu alikuja na karatasi za picha za rangi za kuweka ndani ya makasha ya DVD, akasema ni wazo lake. Nikamwambia ni wazo zuri, nikaenda kunawa mikono.