Maji ya Kuingia

Tarehe tisa mwezi wa tatu mwaka jana, hapa Kakuma, nilimpoteza binti yangu, mtoto wangu pekee aliyefikia utu uzima. Alikufa kwa homa baada ya kujifungua. Mtoto aliishi. Ni msichana, na ninapoandika haya amelala mgongoni mwangu.

Mimi huuza makaa. Wateja wangu wengi ni akina mama wa Sudan Kusini wanaokaa kambi ya wakimbizi. Makaa hayatoki mikononi. Hata ukisugua kwa mchanga na sabuni, weusi hubaki ndani ya mistari ya kiganja. Naeleza haya kwa sababu kisa hiki chote ni cha mikono.

Siku ile mtoto alipozaliwa, niliinyosha mikono nimpokee. Muuguzi akanizuia mbele ya wodi nzima.

"Mama, na hiyo mikono? Unataka kumpaka mtoto lami?"

Wodi ikacheka. Binti yangu naye akacheka, kwa uchovu na furaha. Hicho ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia, na kilikuwa cha kunicheka mimi.

Nilikwenda kutafuta bomba lenye maji, nikajisugua, nikarudi mikono ikiwasha. Nilimkuta muuguzi yule kwenye kitanda cha karibu na mlango, akimhudumia mwanamke aliyekuwa na homa na harufu mbaya. Alipomaliza alijipangusa kwenye aproni, akaja moja kwa moja kwa binti yangu, ambaye bado alikuwa akitoka damu, akamwingiza mkono. Nje ya mlango kulikuwa na mtungi wenye bomba, uliowekwa miaka ile ya barakoa, na juu yake picha ya mikono yenye povu. Mtungi ulikuwa mkavu. Mjusi alikuwa amehamia ndani.

Sijui kwa hakika kama ni mkono ule. Hakuna aliyepima. Najua nilichokiona, na najua kwamba homa ilianza kabla kitovu cha mtoto hakijakauka.

Baada ya mazishi, wanawake wa kanisa waliniambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi si mtu wa maneno mengi. Lakini moyoni nilisema Mungu hakuwa zamu siku ile, na aliyekuwa zamu namjua. Nilimwombea muuguzi yule mikono yake ikauke. Nilimwombea hivyo nikiwa nimepiga magoti, asubuhi, mahali pale pale nilipozoea kuombea mvua.

Nikaenda Lodwar kushtaki. Katika ofisi ya kaunti walizungumza Kiingereza juu ya kichwa changu, na mimi niliishia darasa la sita. Mwishowe karani mmoja akanihurumia kwa Kiswahili.

"Mama, hii mambo ya wodi si ya hapa. Hapa mimi nimenawa mikono."

Nikamtazama mikono. Ilikuwa safi kweli. Nikamkumbuka Pilato, naye pia aliletewa maji.

Nililala kwa mdogo wangu, hapo hapo Lodwar. Ana mpangaji, msichana anayesomea udaktari mdogo chuoni. Asubuhi tulikuwa tukichambua mboga pamoja, nikamsimulia. Akaacha mboga.

"Mama, hiyo homa inajulikana zamani sana. Kulikuwa na daktari huko Ulaya, kabla mtu hajajua vijidudu ni nini. Hospitali yake ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Moja ya wakunga, moja ya madaktari. Ile ya madaktari, wanawake walikufa sana. Wengine walipiga magoti wakiomba wasipelekwe huko."

"Kwa nini ya madaktari?"

"Walikuwa wanatoka kupasua maiti, halafu wanaenda kuzalisha. Mikono ni ile ile. Yeye akawaambia, nawa kwanza na maji ya dawa, ile yenye harufu ya kufulia nguo nyeupe. Wakanawa, vifo vikashuka."

"Wakamshukuru."

Akacheka. "Walimchukia! Daktari mkubwa, mtu wa heshima, aambiwe mkono wake ni mchafu?"

Nikauliza alifanya nini. Nilitarajia aseme alivumilia, maana watu wema wa vitabuni huvumilia. Akasema hapana, aliwaandikia barua madaktari wakubwa wa wakati wake akiwaita wauaji. Mwisho wake wakamfungia nyumba ya wenye wazimu, wakampiga, akafa kwa kidonda kilichooza. Miaka baadaye wengine ndio waliothibitisha kwamba vijidudu vipo, na dunia ikakubali.

Mtu huyo nilimpenda papo hapo. Wala si kwa ajili ya akili yake. Ni kwa barua zile.

"Na wale waliomcheka," nikauliza, "walifanywa nini?"

"Hawakufanywa kitu. Walizeeka na heshima zao."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Lakini sasa wananawa, mama. Madaktari wote, dunia nzima, kila siku, mpaka ngozi inapasuka."

Niliyafikiri maneno hayo njia yote ya kurudi Kakuma. Mfu mmoja, aliyepigwa na kuzikwa, anawalazimisha wote wanyoshe mikono. Hiyo ndiyo adhabu niliyoitaka.

Kwetu, mgeni mwenye heshima hanawi mwenyewe. Hunawishwa: mdogo humshikia beseni na kummiminia maji. Nikachukua mtungi wa njano uliojaa, beseni na kipande cha sabuni, mtoto mgongoni, nikaketi kwenye mlango wa wodi ya wazazi. Kila aliyeingia nilimnawisha. Mama mmoja mrefu wa Sudan Kusini, mteja wangu wa makaa, aliyekuja kujifungua, alicheka aliponiona, akanisalimia kwa Kiturkana.

"Ejok! Leo umekuwa askari wa sabuni?"

"Lete mikono," nikamwambia.

Muuguzi yule akafika.

"Nani amekuweka hapa?"

"Lete mikono, sista."

Alinitambua. Akamtazama mtoto mgongoni mwangu, akapita bila kunawa. Sikumfuata. Lakini akina mama kwenye benchi walikuwa wameona, na kisa cha binti yangu walikijua, kwa sababu huyo mteja wangu hajui kunyamaza. Nilisikia sauti yake kutoka ndani.

"Huyu hajanawa! Mimi sifungui miguu!"

"Mama, acha mchezo, lala."

"Nenda kwanza kwa nyanya ya mtoto. Hata mimi nimenawa, na mimi ndiye mgonjwa!"

Wodi ikacheka. Safari hii haikunicheka mimi. Mwingine akakataa kulala, na mwingine. Muuguzi akatoka uso umemshuka, akainyosha mikono. Nikamimina polepole sana. Nikamwambia kwa sauti ya kusikika ndani, "Na hiyo mikono, sista? Unataka kuwapaka watu lami?"

Aliposugua kucha akasema chini chini, "Siku ile maji yalikatika. Nilikuwa peke yangu, na glavu zilikwisha."

"Najua," nikasema. Nilijua kweli. Nikammiminia tena.

Nilikwenda hivyo kila asubuhi kabla ya kufungua makaa, mwaka ukapinduka. Hakupita tena bila kunawa. Ngozi ya vidole vyake ilipasuka, nami niliona vizuri ikipasuka. Sikuwahi kumhurumia, na sitasema nilimhurumia.

Wiki iliyopita alihamishwa. Alitoka wodini asubuhi akiwa na nguo za nyumbani na mifuko yake, gari la Lodwar likimngoja. Akaweka mifuko chini mbele yangu, akainama, akanyosha mikono yote miwili. Hakuwa akienda kumshika mzazi yeyote. Macho yake yalikuwa kwa mtoto.

"Mama, ninawishe," akasema.

Nilielewa alichokuwa akiomba. Maji yalikuwepo, zaidi ya nusu mtungi. Nikakaza kifuniko.

"Maji haya ni ya kuingia, sista. Si ya kutoka."

Alibaki ameinama vile, mikono mbele, mpaka dereva akapiga honi. Kisha akachukua mifuko yake, akapanda gari.